Kombe Lililolala Kijijini

Watu wa Shinyanga wa rika langu wakisikia neno Kapteni hawaulizi kapteni gani. Si wa jeshi, wala si wa meli. Sisi na meli wapi na wapi, mto wetu wenyewe nusu mwaka ni mchanga mtupu? Ni yule wa raga. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, lakini hata mkewe, Mama Kabula, alilitumia kwa nadra, na akilitumia ujue nyumbani kumewaka moto. Nami nitamwita Kapteni tu, na ukoo wake nawaachia wenye ukoo.

Nianze na viatu, maana ndivyo ulivyokutana navyo kwanza. Kapteni alikuwa fundi mitambo kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, kazi ya grisi na vumbi, nami nilikuwa dereva wa lori hapo hapo. Sote tulitoka kazini tumejaa nyuzi za pamba kichwani hadi nyusi. Yeye alikaa kwenye ngazi ya karakana, akatoa kitambaa na kopo la rangi, akavipiga viatu vyake mpaka ungeweza kunyoa ndevu kwa kujitazama humo. Hata vile vya kuchezea, vilivyokuwa vimeshonwa na kushonwa tena, alivipiga rangi kabla ya kuingia uwanjani kugaagaa kwenye udongo. Nikamwambia mara moja kwamba hayo ni mapambo ya bibi harusi. Akanijibu, "Mtu akikuangusha, aone kwamba ameangusha mtu."

Alikuwa na maringo, nakubali. Tena alikuwa na mkono wa birika. Chai ya timu ilipikwa kwenye sufuria moja, na kopo la sukari alilishika yeye mwenyewe. Alikukorogea kijiko kisichojaa, ukilalamika anakwambia sukari inaozesha magoti. Magoti! Lakini mchezaji wetu mmoja alipofiwa na baba yake huko Masumbwe, Kapteni alimpa baiskeli yake aende nayo mazishini, na ilipochelewa kurudi hakuiulizia. Alitembea kwa miguu kwenda kazini msimu mzima, na sukari yetu haikuongezeka hata chembe.

Na mtu huyu aliyeangusha watu wazima kama magunia alikuwa anaogopa sindano. Kuogopa si neno, alitoroka. Daktari wa zahanati alipokuja jineri kuchanja wafanyakazi, Kapteni tulimpata juu ya marobota ya pamba, kajilaza huko kimya, na mguu mmoja unaonekana. Tuliujua kwa kiatu.

Jambo jingine ni bao. Kwenye bao Kapteni alikuwa mwizi, nasema bila kumung'unya maneno. Kete ilihama kwa kidole chake cha mwisho huku anakusimulia habari za mvua. Ukimshika anacheka, anairudisha, na baada ya muda anaiba nyingine. Siku moja nilimuuliza inakuwaje mtu asiyedanganya uwanjani, ambaye akigusa mpira kwa makosa anamwonyesha refa mwenyewe, anakuja kuiba kete za mzee wa watu. Aliona ni swali la kijinga. Alisema bao ni mazungumzo, raga ni kazi. Mkumbuke hilo, maana ndilo lililotufikisha tulikofika.

Raga yenyewe ililetwa na wazungu wa jineri na wa migodini, miaka ya sitini. Walikuwa wanapasuana Jumamosi mchana kwenye kiwanja cha nyuma ya maghala, sisi tukisimama kando kuwacheka. Mpira wao kama papai. Unaubeba mikononi, unakimbia nao, na anayetaka kukuzuia anakukumbatia miguu mkaanguka wote. Kumpa mwenzako unampa kwa nyuma tu. Kumrushia mbele ni kosa. Wazee wetu walitazama wakatikisa vichwa. Mtu anataka kwenda mbele, anarudisha nyuma! Kapteni peke yake aliuelewa mchezo ule upesi, naye alisema ni sawasawa na kulima kwa zamu: unayemwachia jembe hayuko mbele yako, yuko nyuma anakuja.

Siku moja mzungu mmoja alishikwa na malaria, wakapungua, wakamwita fundi aje kujaza nafasi. Mtu wa kwanza aliyemjia na mpira alikuwa meneja wa jineri mwenyewe. Kapteni akamkumbatia mapaja, akambwaga chini, puu. Sisi pembeni tukajua rafiki yetu kazi hana tena, pengine na kifungo kinamngoja. Meneja akainuka taratibu, akatema udongo, akampa mkono. Kapteni alipenda kusimulia kisa hicho, na kila alipokisimulia meneja alizidi kunenepa.

Basi, wazungu wakaondoka mmoja mmoja, jineri ikapata wenyewe wapya, na klabu ikabaki na nguzo, mpira mmoja na Kapteni. Mtu mwingine angeuza nguzo kuni. Yeye akaanza kukusanya watu. Alinichukua mimi kwa kuwa nilikuwa na mbio. Mengine, alisema, yatakuja, ingawa sijui kama yalikuja. Alimchukua kijana wa Kihindi wa duka la vitambaa, tuliyemwita Bhai, ambaye mguu wake wa kulia ulipiga mpira juu ya nguzo kama anaulenga kwa manati. Aliwachukua wachimbaji wawili wa dhahabu kutoka Rwamgasa, watu wa kuchimba wakiwa wameinama, shingo nene kama kinu. Na waliobaki wote aliwatoa kijiji kimoja ng'ambo ya mto, kijiji cha mkewe, kwenye kundi la vijana wa kulima pamoja. Hao walikuwa wamezoea kukaa mstari mmoja na kuinuka kwa wimbo mmoja. Kapteni aliwafundisha kusukuma kwa wimbo ule ule wa jembe. Skramu yetu ilikuwa inaimba! Vichwa chini, mabega yamefungana, wanaimba Kisukuma, wanasukuma. Timu za pwani zilikuwa zinababaika kabla hazijaguswa.

Lipo kombe, lilikuwepo niseme, la klabu za raga za nchi nzima. Lilikuwa dogo, la fedha, mkono wake mmoja umewahi kukatika ukaunganishwa. Bingwa alikaa nalo mwaka, kisha alilirudisha ligombewe upya. Miaka mingi lilikuwa linatembea kati ya Dar es Salaam, Tanga na Arusha kama mtu mwenye wake watatu, na Shinyanga halikujali hata kuichungulia. Sisi tulikuwa tunapanda treni kwenda kupigwa na kurudi. Katika safari hizo ukimfariji Kapteni kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, alikunyamazisha. Alikuwa anaichukia methali hiyo. Alisema ni ya watu wanaoisema kabla ya mchezo kuanza.

Mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, tukawatoa wa Tanga. Sikwambii ilivyokuwa, maana nikianza sitamaliza. Fainali ikawa na Dar es Salaam, na kwa zamu ilitakiwa kuchezwa kwetu.

Hapa sina budi kueleza jambo kwa asiye mtu wa huku. Kwetu mavuno yakisha, pamba imeuzwa, ndio wakati wa mbina, mashindano ya ngoma. Makundi mawili yanapambana uwanja mmoja, kila kundi na manju wake, yaani kiongozi mwenye kutunga na kuimba. Hakuna refa wala pointi. Watu ndio wanaoamua. Wanatazama huku, wanatazama kule, na ngoma ikiwanogea kwa jirani wanahama. Jua likishuka, kundi lenye watu wengi ndilo lililoshinda, na hakuna wa kubisha, maana kila mtu ana macho. Baba zetu walishindana hivyo, na babu zao.

Fainali iliangukia msimu huo huo. Kijiji cha ng'ambo ya mto kilikuja chote, na vijiji jirani, na manju wao mzee akiwa mbele na usinga wake mkononi. Alikuwa baba mdogo wa Mama Kabula, kwa hiyo kwa Kapteni ni mkwe, mtu wa kuinamishiwa kichwa. Walipofika walijigawa wenyewe, nusu upande huu wa kiwanja, nusu upande ule, kama desturi. Sisi tuliona ni watu wanatafuta pa kukaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza, na tulikuwa Wasukuma karibu wote!

Dar walikuwa wazuri, nisiwavunjie heshima. Kapteni wao alikuwa Mzaramo, mpakuzi wa bandarini, mweusi tii, mcheshi, mwenye mbio za kutisha. Alitoka na mpira mara mbili akatuacha tumeshika hewa. Lakini watazamaji wetu hawakuona cha kusifu. Kwao mtu anayeshika kitu akakimbia wenzake ni mwoga, au ni mwizi. Walichokipenda ni skramu. Kila tulipoinama na wimbo ukaanza, wanawake waliitikia, na niliona watu wanavuka kiwanja, wengine katikati ya mchezo, refa anawafukuza kwa filimbi, wao wanampungia mkono. Mwishoni upande wa Dar alibaki mama mmoja muuza karanga, naye nadhani ni kwa sababu ungo wake ulikuwa mzito.

Dakika za mwisho Kapteni alipigwa kiwiko juu ya jicho, damu ikamfunika uso. Hakutoka. Tulikuwa nyuma kwa pointi tatu, tukapata penalti, Bhai akapiga, mpira ukagonga nguzo ukarudi uwanjani. Filimbi. Tumeshindwa. Mimi nilikaa chini nikaweka kichwa katikati ya magoti, na Kapteni alichukuliwa kando kuoshwa uso, haoni chochote.

Ndipo vigelegele vikapasuka. Nikainua kichwa. Manju alikuwa ameliendea kombe pale mezani, kalitwaa na kitambaa chake, kamtwika bibi mmoja kichwani, na ngoma zikaanza. Watu walihesabiwa kwa macho, wote walikuwa upande wetu, basi tumeshinda. Walituinua mabegani wachezaji wachache, wale waliowaweza. Dar walisimama wakipiga makofi. Walidhani ni sherehe ya kienyeji na kombe litarudi mezani. Halikurudi. Lilivuka mchanga wa mto likaenda zake.

Yule bwana wa kamati ya kombe, aliyesafiri na refa, alikuwa mpole, ila neno lake lilikuwa moja. Treni yao ilikuwa inaondoka kesho yake alasiri. Kombe lisipokuwa stesheni kabla ya treni, Shinyanga ingefutwa kwenye mashindano, na asingekuwa na la kututetea. Kapteni alimsikiliza huku kashikilia kitambaa kwenye jicho. Alikataa kushonwa, mnajua kwa nini.

Asubuhi akaja nyumbani kwangu, uso umevimba upande mmoja, viatu vinang'aa. Akaniambia niwashe lori. Tulipita nyumba ya wageni kumchukua yule kapteni wa Dar, tukawa watatu kwenye kiti cha mbele, tukaanza kuuvuka mto.

Yule Mzaramo ndiye aliyelipata wazo, na mpaka leo nasema lilikuwa wazo zuri. Wazaramo ni watani wetu. Mtani anaingia kwako, anachukua jogoo, anachukua kofia, hata msibani anakwambia maneno ya ovyo, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Akasema tumshushe kwa manju, yeye ataingia kwa kelele, atalinyakua kombe kwa utani, atakimbia nalo mpaka kwenye lori. Wazee watacheka, watatukana, basi. Kijiji kitabaki kinajua kwamba kilishinda na kombe limechukuliwa na mtani. Dar watakuwa na kombe lao. Shinyanga haitafutwa. Na Kapteni hatakuwa na haja ya kumwaibisha mkwewe, ambaye tulikuwa tumeshasikia amechinja fahali.

Nilipiga usukani kwa furaha. Nikamwambia Kapteni tumepona. Yeye alikuwa anatazama mchanga.

"Mtani anachukua cha mwenzake," akasema. "Hiki ni chake mwenyewe."

Nikamwambia asilete ukaidi, kijiji kile ndiko timu yetu inakotoka. Akiwaambia wazee kwamba walichinjia kushindwa, vijana hatawaona tena, na nyumbani kwake hakutalalika. Aliyajua yote hayo kuliko mimi. Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini, kwamba amewafundisha vijana wale kumwambia refa wakigusa mpira kwa makosa, na leo wamtazame yeye anamleta mwizi wa mchezo. Kapteni wa Dar alimtazama Kapteni wetu na jicho lake lililovimba, akakunja mikono.

Tuliwakuta uani. Ngozi ya fahali ilikuwa imewambwa juani, na kombe lilikuwa linazunguka kwa wazee likiwa na pombe ya mtama. Tukaamkiana, mwangaluka, mwangaluka, tukapewa vigoda. Kapteni hakukaa. Aliinama kama mkwe anavyoinama, mikono nyuma.

"Baba," akasema, "jana tulishindwa."

Manju hakuelewa. Alidhani jeraha limempanda kichwani. Akamjibu taratibu kwamba watu wote walikuja kwao, hata mtoto aliona.

"Watu walikuja kwetu. Pointi zilikwenda kwao."

"Na hizo pointi nani aliziona?"

"Mimi niliziona, baba."

Nilitamani ardhi inimeze. Wanawake waliokuwa wanaosha masufuria waliacha kuosha. Mama Kabula alikuwepo, alikuja tangu jana kusaidia kupika, akashika tama asimtazame mumewe. Manju alikaa na kombe magotini, povu la pombe bado mdomoni mwake. Alikuwa ameshatuma salamu za ushindi vijiji vitatu. Hatimaye akaimimina pombe iliyobaki chini, kwa ajili ya wazee waliotangulia, akalifuta kombe kwa shuka lake, akampa Kapteni. Sikumwona akikasirika. Ilikuwa mbaya zaidi ya hasira.

"Nitakuimba," akamwambia.

Kwetu hicho si kitisho cha mzaha. Manju akikuimba, umeimbwa. Wajukuu zako watakukuta kwenye wimbo. Kapteni alilipokea kombe kwa mikono miwili.

"Niimbe, baba. Ila imba kama ilivyokuwa."

Akageuka, akamkabidhi yule Mzaramo kombe lake mbele ya wote. Na Mzaramo, Mungu amweke alipo, alilipokea kwa adabu zote, akashukuru wabeja, wabeja sana, kisha ghafla akanyakua usinga wa manju na paja la nyama lililokuwa linaning'inia, akatoka mbio kuelekea lorini huku anawatukana Wasukuma wote na ng'ombe wao. Kijiji kikaangua kicheko. Hata manju alicheka, anamfukuza na fimbo, machozi yanamtoka. Ila Mama Kabula hakucheka.

Kombe likapanda treni, sisi tukabaki kwenye mashindano. Lakini vijana wa ng'ambo hawakuja mazoezini msimu ule wala uliofuata. Tulicheza na walinzi wa jineri, na makarani, na yeyote aliyekuwa na miguu miwili, tukawa tunapigwa vibaya. Nyumbani kwa Kapteni kulikuwa na baridi kali. Mama Kabula alimpikia, akamfulia, na kwa muda mrefu akamwita kwa jina lake la kuzaliwa.

Na wimbo ukatoka. Nautafsiri, kwa Kisukuma ni mtamu zaidi. Fahali tumemla, kombe limepanda treni. Kapteni kasema mwenyewe, watu wetu, pointi zao. Uliimbwa mbina zote za msimu uliofuata. Uliimbwa sokoni, uliimbwa na wapakiaji wa pamba kwenye lori langu huku Kapteni anapita. Mimi uliniudhi, nikawa nawafokea. Yeye alipita na viatu vyake, na kama mtu aliyeimba alikosea neno, alisimama kumsahihisha. Nilidhani anajitia hamnazo ili asionekane ameumia. Nilimjua miaka yote ile, na hilo sikulielewa.

Baadaye vijana walirudi mmoja mmoja. Wa kwanza aliyerudi aliniambia baba yake ndiye aliyemtuma. Baba huyo alisema mtu anayekubali kuimbwa hivyo hawezi kumwibia mtoto wake. Hatukulipata kombe kamwe. Kisha ikaja vita, ikachukua wachezaji wa kila klabu. Ikaja shida ya mafuta, treni zikawa za kubahatisha. Timu za pwani zikafa, ya Arusha ikafa, na kombe lenyewe sijui lilipo, pengine kabatini kwa mtu, limejaa vifungo vya mashati. Hakuna aliyetangaza kwamba mashindano yamekwisha. Mwaka mmoja tulingoja kuitwa hatukuitwa, na Kapteni akazipaka nguzo rangi kwa ajili ya mwaka utakaofuata.

Nilimwona mara ya mwisho Nkome, ufukoni mwa ziwa, miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Nilikwenda na lori kuchukua dagaa, na mama mmoja aliyekuwa anaanua dagaa zake mchangani akaniamkia shikamoo na kuniita baba dereva. Alikuwa Kabula, mwanamke mzima, kaolewa huko. Alisema baba yake yuko naye tangu Mama Kabula alipofariki, na yuko kivulini kwenye ukuta wa ghala.

Alikuwa amepungua, nywele nyeupe, lile kovu juu ya jicho limevuta ngozi mpaka akawa kama mtu anayekushangaa daima. Miguuni alikuwa na viatu vya ngozi vinavyong'aa, katikati ya mchanga na magamba ya samaki! Tukashikana mikono mpaka nikaona haya. Akaagiza chai, na kopo la sukari likaja, akalishika mwenyewe. Nikajua ni mzima. Tuliwataja wenzetu: Bhai kahamia kwa ndugu zake Mwanza, mchimbaji mmoja kafukiwa na shimo, manju alikufa zamani. Nikamwambia kwa uchungu kwamba hakuna hata gazeti lililowahi kuandika kwamba Shinyanga ilicheza fainali. Kwamba tutakufa na itakuwa kama hatukucheza. Alikunywa chai yake.

Mbele yetu vijana walikuwa wanavuta mtumbwi mkubwa kuutoa majini. Ulikuwa umekwama, wakawa wanaimba ili wavute pamoja, na nilipousikia wimbo nikashtuka. Ulikuwa ule ule. Ulikuwa umefika ziwani, kwa watoto ambao hata raga hawajapata kuiona. Fahali tumemla, wakaimba, kombe limelala kwetu. Kapteni kalileta mwenyewe, watu wetu, kombe letu.

Loo! Nilifurahi, siwezi kuficha. Nikamgeukia nimwambie, umeona, dunia imekulipa, umeshinda. Hakuwepo. Alikuwa ameshashika fimbo yake anateremka mchangani, na nikamfuata.

Akawasimamisha. Vijana wakamwamkia, akaitikia marahaba, akawauliza nani kawafundisha kuimba hivyo. Mmoja akasema ndivyo wimbo unavyoimbwa, babu.

"Sivyo. Limelala siku moja tu. Kombe limepanda treni."

Wakatazamana. Yule kijana akacheka kidogo, akauliza kama babu alikuwepo.

"Nilikuwepo," akasema Kapteni. "Watu wetu, pointi zao. Imbeni hivyo."

Nilisubiri aseme ni yeye. Nikakaribia kusema mimi, neno lilikuwa limeshafika mdomoni, na akanitazama kwa lile jicho la kovu nikalimeza. Akawaimbia ubeti mzima, sauti yake imekauka lakini haikuacha neno, akawafanya waurudie. Kisha akaweka fimbo juu ya mchanga, akainama, akaegemeza bega kwenye ubavu wa mtumbwi kama alivyotufundisha, mgongo umenyooka, macho chini. Nikaenda nikafunga bega langu kwenye kiuno chake. Vijana wakashika, tukaimba wote kwamba tulishindwa, na mtumbwi ukaanza kutoka.